Baba, Ulipomlilia Mwalimu Célestin

Baba yangu mpendwa,

Mama anakusalimu kwanza. Amenikuta mezani na kalamu, akaniuliza ninamwandikia nani, nikamwambia. Hakucheka. Alisema tu, "Umwambie mvua ilianza, na ile bati ya jikoni tulibadilisha." Basi nimekuambia.

Nataka tuzungumze habari ya Mwalimu Célestin, na habari yako. Hapa mtaani watu bado wanasema wewe ulikufa na yeye alijiua, kana kwamba mlitoka duniani kwa milango miwili iliyo mbali sana. Nimejaribu kuamini hivyo, nimeshindwa. Nimejaribu pia kuamini kwamba mlango ulikuwa mmoja, na hapo pia nimeshindwa.

Unakumbuka Jumapili zenu? Ukitoka misa ya pili unavua koti, unatoa ubao wa drafti, na kabla hujamaliza kuupanga Mwalimu anafika kutoka kanisa lake la maombi, shati jeupe bado limefungwa hadi shingoni. Wewe, mtoto wa mfanyakazi wa reli wa Kabalo, uliyemaliza nguvu zako kwenye tanuri la shaba. Yeye, mjukuu wa Wakasai waliokuja kutafuta kazi huku, mwalimu wa hesabu ambaye wanafunzi wa mtaa wetu wa Ruashi nzima walimwogopa na kumpenda. Chini ya kiti chako kulikuwa na chupa ya lutuku, pombe yetu kali ya kienyeji. Mkononi mwake kikombe cha munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, ambacho Mama alimwekea kwa sababu hakugusa pombe hata ya harusi.

"Papa, hii maji yako itakuua," alikuwa anakuambia huku akila kete zako.

"Mwalimu, cheza. Kila muntu na yake."

Alicheka huku amefunika mdomo kwa kiganja, kama mtu anayeona aibu kufurahi. Mimi nilikuwa bado msichana alipoanza kuja kwetu. Ndiye aliyenifundisha hesabu za sehemu kwa kukatakata bukari, ugali wetu, kwenye sahani yangu, mpaka Mama akalalamika kwamba chakula kinapoa. Alikuwa mwalimu hata akiwa na njaa.

Halafu ulifika ule msimu wa baridi ambao alianza kupungua. Hakupungua mwili. Alikuwa anakuja, anakaa, anasahau kwamba ni zamu yake kucheza. Ulimsubiri bila kumharakisha, wewe ambaye hukuwa na subira na mtu yeyote. Siku moja alipoondoka ulimtazama mpaka akakata kona, ukamwambia Mama, "Mwalimu iko hapa, mais haiko," yaani yupo lakini hayupo. Mama akadhani ni lutuku inasema. Mkewe, Mama Marceline, aliniambia baadaye kwamba kila asubuhi Mwalimu alikuwa anasema amechoka, na yeye mkewe alifikiri amechoka na shule. Nani asingefikiri hivyo? Walimu wote hapa wamechoka na shule.

Asubuhi ile tulisikia kilio cha Mama Marceline kabla ya kusikia habari yenyewe. Mwalimu alikuwa amejitoa uhai. Sitaandika zaidi ya hapo. Wewe mwenyewe uliwakataza watu kusimulia, ukasema marehemu hana nguo nyingine ila midomo yetu, tusimvue.

Kilichokuja baadaye ndicho kinachonifanya niandike. Mchana ulifika bila turubai, bila viti, bila kwaya. Shemasi wa kanisa lao alikuja, akasimama mlangoni bila kuingia, akasema mchungaji hatakuja na waimbaji hawatakuja, na ingekuwa vizuri mazishi yafanyike haraka. Wazee wa ukoo waliotoka mjini walikubali. Wakaongeza kwamba pasiwe na kulia kwa sauti, kifo cha namna hiyo kisije kikazoea nyumba. Mama Marceline alikaa kwenye mkeka na dada yake tu. Majirani wote tulisimama barabarani, mikono kifuani. Mtu ambaye alifundisha watoto wa karibu kila nyumba pale.

Ulikuwa hujanywa siku ile. Nilijua kwa sababu mikono yako ilikuwa inatetemeka. Uliingia ndani, ukatoka na viti vyetu vya plastiki vimepandana kifuani, ukaanza kuvuka barabara. Papa Ngoie akakuzuia. Namtaja bila hasira, Baba. Ni kiongozi wa jumuiya yetu ndogo ya parokia, mtu ambaye amebeba wagonjwa wengi mgongoni kuliko gari lolote la mtaa huu.

"Papa, unabeba wapi bile biti?"

"Ku kilio."

"Haiko kilio pale. Ule muntu alijiua. Mungu alisema usiue. Muntu anakufa na zambi mu mukono, hana hata wakati wa kutubu, sasa sisi tutamulilia namna gani?"

Uliviweka viti chini katikati ya barabara. Pikipiki ikapiga honi, hukusogea.

"Ngoie, siku ya hospitali ulinisindikiza. Dokta aliniambia nini?"

"Alisema uache lutuku."

"Alisema ini iko inakufa. Alisema nikiendelea, ni miye nitakuwa najiua. Weye ulisikia na masikio yako. Na siku ile ile nilienda kunywa. Kila Jumapili mu misa unanipatia mukono wa amani. Sasa uniambie: kati yangu na Mwalimu, ni nani alijua muzuri kile alikuwa anafanya?"

Mtu nyuma akacheka. "Mulevi iko anafundisha katekisimu!"

Hukugeuka. Papa Ngoie alijikaza. "Haiko sawasawa. Weye unakunywa, haukusudie kufa."

"Na yeye, unajua alikusudia nini? Ulikuwa mu kichwa yake?"

Ulibeba viti ukaingia nyumbani kwa marehemu. Mama akafuata na birika la chai, mimi na mkeka. Ulikaa karibu na Mama Marceline, ukatoa rozari mfukoni, ukaanza Salamu Maria kwa sauti yako ile ya kukwaruza, kwa ajili ya mtu ambaye hata hakuwa Mkatoliki. Yule aliyecheka akasema kutoka nje kwamba hajawahi kuona mlevi akiongoza sala. Ukamjibu kati ya Salamu Maria mbili, bila kubadilisha sauti: "Mulevi njo anajua kusali. Kila asubuhi iko anaomba musamaha."

Na hapo Mama Marceline alilia. Alilia kwa sauti, mbele ya wazee wa ukoo, na hakuna aliyemnyamazisha.

Kabla ya jioni walikuwa wamekuja wengine, kwanza wanafunzi wake wa zamani, halafu mama zao. Papa Ngoie hakuja. Alimtuma mkewe na mfuko wa makaa ya kupikia, na ulisema hiyo ilikuwa namna yake ya kuja. Kaburini hapakuwa na padri wala mchungaji. Wewe ndiye uliyesema Baba Yetu. Ulipofika kwenye "utusamehe makosa yetu" sauti ilikukatika, na watu ndio waliomalizia.

Juma lile lile uliniambia nikusindikize parokiani. Miguu yako ilikuwa imeanza kuvimba. Padri wetu alikuwa kijana, bado anaona haya kuitwa padiri na watu wa umri wako. Ulikaa mbele yake ukamwuliza bila salamu ndefu.

"Padiri, rafiki yangu aliyejiua, iko wapi?"

Nilimpenda kwa sababu hakukimbilia kitabu. Alisema uhai si mali yetu, tumekabidhiwa tu, na Kanisa halitasema hata siku moja kwamba kujiua ni jambo jema. "Mais, Papa," akasema, "kuko ugonjwa ya roho yenye kumukamata muntu mupaka nguvu ya kuchagua inamuisha. Nani iko anapima kama alichagua? Si miye. Zamani tulifunga mulango haraka. Leo tunamuombea, na Mungu iko na njia zake zenye hatuzijue."

Ulivuta pumzi kama mtu aliyeshusha mzigo. Nilidhani umemaliza. Ukauliza, "Na miye?"

Padri alikuangalia vizuri. "Weye, Papa, amri iko moja. Usiue: ni na ini yako pia. Najua pombe nayo inafunga muntu, siwezi kusema uko na uhuru yote. Mais leo ulitembea mupaka hapa na miguu ya kuvimba kuuliza juu ya rafiki. Ile nguvu kidogo yenye ilikuleta, Mungu atakuuliza uliifanya nini."

Tulitembea polepole mpaka kwenye lami. Hapo uliomba tukae kwenye jiwe, tukakaa, malori ya madini yakipita na kutufunika vumbi. Halafu ukasema, "Padiri alinipiga muzuri."

Uliacha, Baba. Nataka uandikiwe jambo hilo, maana watu hawalikumbuki. Uliacha lutuku kwa msimu mzima, ukanywa munkoyo kama Mwalimu, ukatapika, ukatetemeka, ukamtukana Mama na kumwomba msamaha saa ile ile. Dokta alisema mtu wa pombe ya miaka mingi haachi peke yake nyumbani, inabidi aangaliwe, nawe ukakubali kwenda hospitali kuchomwa sindano kama mtoto. Ulinenepa kidogo. Ulirekebisha mlango wa choo. Jumapili ulipanga drafti ukacheza na mkono wako wa kushoto dhidi ya wa kulia, na ulipoona ninakutazama ukasema, "Wa kushoto iko anaiba."

Halafu ukarudi. Hakukuwa na sababu kubwa. Ilikuwa siku kama nyingine, ukaenda kununua chumvi, ukarudi bila chumvi.

Nilikukasirikia kuliko ninavyojua kuandika. Nilikuja kutoka mtaa wa Hewa Bora, ambako nilikuwa nimeacha nguo za wateja kwenye cherehani, nikasimama mbele yako nikakuuliza kama Mwalimu ndiye wa kulaumiwa, wewe hapana. Nilisema, "Ulimutetea kwa bantu bote. Sasa sisi tutakutetea na nini?" Mama alitaka kuninyamazisha. Ukamwambia aniache.

"Mutoto iko anasema kweli," ukasema. Kisha, polepole sana: "Sitaki kufa. Nakuapia. Nataka tu hii saa ipite. Na kisha ile ingine nayo ipite. Njo vile."

Nimelifikiria neno lile mara nyingi. Nafikiri Mwalimu naye huenda hakutaka kufa. Huenda alitaka saa moja ipite, na hakumwona mtu wa kukaa naye mpaka ipite. Sijui. Hapo ndipo ninapomkumbuka Papa Ngoie na kukiri kwamba hakukosea yote. Tofauti ipo. Wewe tulikuona. Tulikuwa na miaka ya kugombana nawe, kukupikia, kukuficha chupa, kukushika bega ukienda msalani, kusameheana. Kifo chako kilikaa nasi mezani, tukakizoea kama mgeni mbaya. Mama Marceline alipewa asubuhi moja tu. Na sababu ile ile iliyotufanya tukuhurumie wewe, kwamba tulikuona ukiteseka, ndiyo iliyotufanya tumhukumu yeye: hatukumwona. Lakini macho yetu kushindwa kuona, hiyo ni dhambi ya nani?

Hospitalini, mwishoni, ulikuwa wa njano hadi machoni, na mpole. Uliniita jina langu la utotoni. Uliuliza kama watu watasema ulijiua. Nikasema hapana, Baba, hakuna atakayesema.

"Basi wasiseme. Wasiseme tena kama Mungu njo alitaka. Mungu hakununua lutuku." Ukacheka, ukakohoa. "Weye useme tu nilishindwa. Mungu iko anajua bantu benye kushindwa, iko nabo bengi."

Halafu, ulipokuwa umefunga macho na nikidhani umelala: "Nikifika kule nikamukosa Mwalimu, nitauliza."

Tulikuzika vizuri. Kanisa lilijaa mpaka nje, kwaya ya parokia ilivaa sare, akina mama wa jumuiya walivaa kitenge kimoja. Papa Ngoie alisimama kutoa neno, na alilia kweli, maana alikupenda. Alisema umeitwa na Bwana kwa saa aliyoipanga mwenyewe. Nilikuwa nimekaa na maneno yako mdomoni, na sikujua niyaweke wapi. Mama Marceline alikuwa nyuma kabisa, karibu na mlango, pale wanapokaa watu wasiojua kama wamealikwa.

Walipofika kwenye maombi ya waumini, msomaji alisoma ombi lake kwa ajili yako, watu wakaitikia. Alipogeuka kurudi, Mama akainuka. Unamjua Mama. Hata jumuiya ikikutana nyumbani kwake anaongea kutoka jikoni. Alitembea mpaka kwenye maikrofoni na kitenge chake cha msiba, akaishika kwa mikono miwili kama kikombe cha moto.

"Tumuombee na Célestin," akasema. "Mwalimu. Naye hakuna mwenye alimuombeaka mu kanisa. Bwana yangu alimupenda. Tumuombee Bwana."

Baba, kanisa zima lilinyamaza. Padri aliinamisha kichwa na hakusaidia, nafikiri kwa makusudi. Aliyeitikia kwanza alikuwa Papa Ngoie. Alisema peke yake, kwa sauti nzito ya mtu aliyetoka kulia, "Ee Bwana, utusikie." Na ndipo wote wakasema.

Nilipogeuka, Mama Marceline alikuwa ameinama mpaka paji la uso limegusa benchi la mbele. Mwanamke asiyemjua alikuwa ameweka mkono mgongoni mwake.

Ningeweza kuishia hapo, lakini kuna jambo ambalo huwezi kulijua nisipokuambia. Mvua za kwanza zilipoanza, Papa Ngoie alikuja kwetu mchana, bila kofia. Alikataa kiti. Alisema binti yake Solange, aliyekuwa amejifungua karibuni, hali chakula, hasemi, amemgeuzia mtoto mgongo. Alisema, "Anasema amechoka." Aliendelea kusimama mlangoni akiizungusha simu mkononi, halafu akauliza kama Mama Marceline angekubali kuja nyumbani kwake. Hakuweza kwenda kumwomba mwenyewe.

Nilienda mimi. Nilimkuta anachagua mboga ya lengalenga uani. Nilimwambia, nikategemea atauliza maswali, maana alikuwa na haki ya kuuliza mengi. Alinawa mikono. "Twende," akasema.

Alikaa na Solange siku nzima. Hakumhubiria. Nilimsikia akimwuliza moja kwa moja, bila kuzungusha, kama anafikiria kufa, na Solange, ambaye hakuwa amesema neno na mtu, akasema ndiyo. Nilishtuka. Mama Marceline hakushtuka. Alimwambia, "Asante juu umeniambia. Hatutakuacha peke yako." Kesho yake walimpeleka hospitali, kwa dokta wa magonjwa ya namna hiyo, Papa Ngoie mbele na mtoto mgongoni kwa kitenge, yeye mwanaume na nywele zake nyeupe, na mtaa mzima ukimwangalia. Solange bado anakunywa dawa. Siku nyingine ni mbaya. Lakini juzi nilimsikia akigombana na mama yake juu ya chumvi kwenye mboga, na Papa Ngoie, aliyekuwa amekaa nje, akafunga macho kama mtu anayesikiliza kwaya.

Sijui mizani ya Mungu inafanya kazi vipi, Baba. Nimeacha kuitafuta. Bado nina hasira nawe; inakuja nikiwa ninashona, inapita, inarudi. Ulituacha mapema na ungeweza kubaki kidogo, na sitaiita hiyo mapenzi ya Mungu, kwa sababu uliniagiza nisiite. Ila siku uliyosimama katikati ya barabara na mikono inayotetemeka, hukuwa mtu aliyeshindwa. Hiyo nayo nataka niiseme mahali, na nimeona niiseme kwako kwanza.

Mama ananiita, bukari iko tayari. Mama Marceline yuko mezani, na Solange ameleta mtoto. Nitaishia hapa nikale nao.

Pumzika, Baba. Ukimwona Mwalimu, umwambie mkewe anakula vizuri.

Ni mimi, binti yako wa kwanza.